Kazi za Mikono na Michezo ya Mezani kwa Watoto katika Karamu ya Noeli na Bonane: Mwongozo kwa Familia za Goma

Karamu ya Noeli au ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, mjini Goma huanza kupikwa asubuhi na hufika mezani jioni. Kuku wa kienyeji haivi upesi juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, sombe ya majani ya muhogo inataka saa zake, wali wa watu ishirini hupikwa kwa sufuria mbili zinazopokezana moto, na wageni wanaotoka Majengo au Himbi hufika kila mmoja kwa wakati wake. Watu wazima hawasumbuki na kungoja huko, kwa sababu wana mazungumzo ya mwaka mzima ya kumalizia. Watoto ndio wanaosumbuka, na wakisumbuka wao, nyumba nzima husumbuka. Mwongozo huu unahusu saa hizo za kungoja: vitu ambavyo watoto wanaweza kutengeneza wenyewe katika juma la kabla ya sikukuu, na michezo wanayoweza kucheza kwa vitu hivyo wakiwa wameketi.

Michezo iliyomo humu imechaguliwa kwa kigezo kimoja, nacho ni kwamba lazima iondoke mezani kwa mkupuo mmoja pindi chakula kinapoletwa. Mchezo ambao vipande vyake vimetapakaa mpaka chini ya viti humalizika kwa kelele na machozi, hata uwe mzuri kiasi gani. Kwa hiyo kila mchezo ulioelezwa hapa, isipokuwa vitendawili vya mwisho, hukaa ndani ya sinia moja. Sinia likinyanyuliwa, mchezo umeondoka, na baada ya kula unaweza kurudishwa ukiwa vilevile ulivyoachwa, kila kipande mahali pake.

Vifaa vya kukusanya

Anza kukusanya mwanzoni mwa Desemba, wala usinunue kitu kabla ya kutazama kilichomo nyumbani. Utahitaji katoni za sabuni au za mafuta ya kupikia, pakiti tupu za biskuti, trei moja ya mayai 30, vizibo vya soda na bia, jozi ya kandambili zilizokatika, vijiti vya kuchomea mishikaki, uzi wa kushonea, kalamu za rangi na konzi mbili za maharage. Vizibo havina haja ya kutafutwa mbali, kwani mwenye nganda (baa) wa jirani atakupa mfuko mzima ukimwomba siku moja kabla hajafagia. Vioshwe kwa maji ya moto yenye sabuni na vikaushwe vizuri, la sivyo vitashika kutu. Kalenda ya ukutani ya mwaka unaokwisha ina karatasi nzuri, ngumu na yenye rangi, ila kuna mtu nyumbani ambaye bado anaihitaji hadi tarehe 31, kwa hiyo tumia kurasa za miezi iliyokwisha kupita.

Miongozo mingi ya namna hii hupendekeza mapambo ya unga uliokandwa kwa chumvi. Mimi siyapendekezi kwa Goma. Desemba ni mwezi wa mvua, jua halitabiriki, na unga huo uliokandwa hubaki na unyevu ndani kwa siku nyingi, kisha hupasuka au kuota ukungu. Zaidi ya hayo, unga wa ngano na chumvi vina kazi iliyo bora zaidi wakati wa sikukuu, na mtoto yeyote akiulizwa achague kati ya nyota ya unga na andazi, jibu lake linajulikana.

Gundi ya jikoni

Gundi ya kutosha kazi zote zilizomo humu hupikwa kwa dakika kumi. Koroga vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano katika robo kikombe ya maji baridi hadi pasiwe na madonge. Chemsha kikombe kimoja cha maji, yamiminie mchanganyiko huo taratibu huku ukiendelea kukoroga, na uache juu ya moto mdogo kwa dakika mbili au tatu, mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Unga wa muhogo wa kupikia bugali nao unafaa, lakini hufanya madonge haraka zaidi, hivyo mkono usipumzike. Ongeza chumvi kidogo, funika, na uache ipoe kabisa kabla ya kuwapa watoto. Gundi hiyo hudumu siku mbili au tatu. Ikianza kutoa harufu ya uchachu, imwage na upike nyingine. Jambo la kukumbuka ni kwamba mende na panya huipenda kama wanavyopenda ugali wenyewe, kwa hiyo vitu vilivyobandikwa visilale sakafuni usiku.

Chukudu ya kubebea jina

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hakuna mtoto wa Goma asiyeijua chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili inayobeba mizigo, na kwa kuwa inatatua tatizo la kweli la mezani, yaani nani akae wapi. Kila mtoto hutengeneza chukudu ndogo ya katoni iliyobeba kadi yenye jina lake, au jina la mgeni atakayempokea. Mtoto wa miaka minane na kuendelea anaweza kuifanya karibu yote mwenyewe; kazi ya kisu na ya msumari ni ya mtu mzima. Itengenezwe siku nne au tano kabla ya karamu ili gundi ipate nafasi ya kukauka.

Hatua ya kwanza ni kukata vipande vitatu vya katoni, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 4. Kabla ya kukata, itazame katoni kwa ubavu, nawe utaona vijifereji vidogo vilivyobanwa kati ya karatasi zake mbili. Vipande viwili vikatwe vijifereji vikiwa vimeelekea urefu, na cha tatu vikiwa vimeelekea upana. Si jambo la urembo: vile viwili huipa chukudu ubavu usiopinda, na kile cha tatu, ambacho kitakaa katikati, kitapitisha kijiti cha gurudumu bila wewe kutoboa chochote.

Hatua ya pili ni kuvibandika vipande hivyo vitatu, kile cha vijifereji vya upana kikiwa katikati. Gundi isipakwe hadi ukingoni, isije ikaziba vijifereji. Viweke chini ya ubao na juu ya ubao weka jiwe, kitu ambacho hakikosekani katika mji huu, uache usiku kucha. Asubuhi, mwisho mmoja uchongwe kwa makasi hadi uwe na upana wa sentimita 2. Hiyo ni pua ya chukudu. Mwisho wa nyuma ukatwe nafasi katikati, yenye urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 2, ambamo gurudumu la nyuma litazunguka.

Hatua ya tatu ni magurudumu. Weka kizibo cha soda juu ya soli ya kandambili na uchore duara kukizunguka. Upana wake ni kama sentimita 3, nao ni kipimo kinachotosha. Mtu mzima akate miduara miwili kwa kisu kikali, akiwa ameiweka soli juu ya ubao, kisha atoboe kila mduara katikati kwa msumari. Kipande cha kijiti cha mshikaki kipitishwe katika kijifereji cha upande mmoja, ndani ya gurudumu, kisha katika kijifereji cha upande wa pili, umbali wa sentimita 2 kutoka nyuma. Gurudumu likigoma kuzunguka, tundu lipanuliwe kidogo kwa msumari huohuo.

Hatua ya nne ni uma wa mbele na usukani. Kata vipande viwili vyembamba vya katoni, urefu sentimita 9 na upana sentimita moja na nusu, vijifereji vikiwa vimeelekea urefu. Vibandike kwenye pande mbili za pua, sehemu ya chini ikielekea mbele na ya juu ikirudi nyuma kidogo, na uvifunge kwa uzi. Uzi huo usitolewe hata gundi ikikauka, kwa sababu hapo ndipo chukudu nyingi za katoni huvunjikia. Gurudumu la mbele lishikwe chini kwa kijiti, na juu kipite kijiti kingine cha sentimita 8, ambacho ndicho usukani. Hakikisha gurudumu haligusi pua.

Kwa kuwa ina magurudumu mawili tu, haiwezi kusimama yenyewe, hivyo iegemezwe kwenye bilauri, sawa na zile za kweli zinavyoegemezwa ukutani mwenye nazo akienda kutafuta mzigo. Mzigo wenyewe unastahili kufikiriwa. Chukudu halisi hushuka kutoka Kibumba zikiwa zimejaa viazi na makabeji. Hizi ndogo zinaweza kubeba kijifuko cha karatasi chenye mchele, kipande cha mkaa kilichofungwa, kijiti kilichokatwa kama kuni, au peremende mbili. Mpe kila mtoto mzigo wa aina yake. Mtoto wa miaka minne asiyejua kusoma jina lake atakipata kiti chake kwa kuutafuta mzigo aliouchagua mwenyewe, naye hatahitaji kuongozwa na mtu.

Mbegu katika trei ya mayai

Wazee wa upande huu wa Maziwa Makuu wanaujua mchezo wa kusambaza mbegu katika vishimo, ule ambao majirani zetu wa Rwanda huuita igisoro na watu wa pwani huuita bao. Ule wa kikubwa una safu nne za vishimo vinane na mbegu 64, na unahitaji subira ambayo mtoto mwenye njaa hana. Hapa tunatumia namna nyepesi yenye safu mbili tu, inayomalizika kwa dakika kumi au kumi na tano.

Trei ya mayai 30 ina safu tano za vishimo sita. Kata safu mbili zikiwa pamoja, nawe umepata ubao mmoja. Kata nyingine mbili, umepata wa pili. Safu inayobaki itafaa kutengea vizibo na kalamu. Ubao uwekwe ndani ya sinia kati ya wachezaji wawili, na kila mmoja awe na kikombe upande wake wa kulia, ambacho ndicho ghala lake. Vishimo sita vilivyo karibu nawe ni vyako. Weka maharage manne katika kila kishimo, jumla yake 48, na uyahesabu mbele ya wote wawili ili baadaye pasiwe na kesi.

Mchezaji huchukua maharage yote ya kishimo chake kimoja na kuyasambaza moja moja kuelekea kulia: katika vishimo vyake vinavyofuata, katika ghala lake, kisha katika vishimo vya mwenzake, lakini kamwe si katika ghala la mwenzake. Harage la mwisho likiangukia katika ghala lake, hucheza tena. Likiangukia katika kishimo chake kilichokuwa kitupu, hulichukua hilo pamoja na yote yaliyo katika kishimo cha mwenzake kinachokielekea, na kuyaweka ghalani. Safu ya mmoja ikiisha kabisa, mchezo umekwisha, na mwingine huyatia ghalani yaliyobaki upande wake. Mwenye 25 au zaidi ameshinda. Wakipata 24 kila mmoja, wametoka sare.

Usiwafundishe mbinu zote, ila moja inafaa kuonyeshwa kwa mtoto anayeshindwa kila mara. Mwanzoni mwa mchezo, akianza na kishimo cha tatu kutoka kushoto kwake, maharage manne yataangukia katika cha nne, cha tano, cha sita, na la mwisho ghalani, naye atapata zamu ya pili kabla mwenzake hajagusa kitu. Ukimwonyesha mara moja, ataanza mwenyewe kuhesabu vishimo kabla ya kunyanyua mkono, na hapo babu aliyekuwa akijifanya hatazami atavuta kiti karibu.

Dama ya vizibo na kadi za jozi

Dama haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa inachezwa kila kona ya mji. Wakubwa wengi huicheza kwenye ubao wa miraba 100, wenye vipande 20 kwa kila mchezaji. Watoto watosheke na miraba 64 na vipande 12 kwa kila mmoja. Chora miraba ya sentimita 4 juu ya kipande cha katoni, na uisugue kwa kipande cha mkaa ile inayotakiwa kuwa myeusi, kisha uipake gundi nyepesi ili mkaa usichafue nguo za sikukuu. Mmoja achezeshe vizibo vilivyofunikwa, mwingine vilivyofunuliwa.

Kadi za jozi zinafaa watoto kuanzia miaka mitano, na kuzichora ni nusu ya furaha yake. Kata kadi 24 za sentimita 6 kwa 6 kutoka pakiti za biskuti za aina moja, ili migongo yote ifanane. Ikitofautiana, mtoto mjanja atazikariri migongo badala ya picha. Chora picha 12, kila moja mara mbili, za vitu ambavyo watoto wanavijua: mlima wa volkano Nyiragongo, chukudu, mtumbwi, samaki wadogo waitwao sambaza, jibini la Masisi, sokwe wa Virunga, mkungu wa ndizi, kengele ya kanisa, mbabula, mwavuli, kuku, na nyota. Si lazima mchoro upendeze mno, mradi jozi zifanane. Kadi hupangwa zikiwa zimefunikwa katika safu nne za kadi sita, na kila mchezaji hufunua mbili. Zikifanana huzichukua na kuendelea, zisipofanana huzifunika na kumpisha mwenzake. Mtu mzima asijitahidi kumwachia mtoto ashinde, kwani katika mchezo huu watoto hushinda bila kusaidiwa.

Kwa wadogo, na umeme ukikatika

Watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe maharage, vizibo wala peremende, kwa sababu vitu hivyo huishia mdomoni, puani au sikioni, na karanga nzima zisitolewe kwa walio chini ya miaka mitano. Kwa hao, sinia lenye mwiko, bakuli za plastiki na vifuniko vya sufuria linatosha, na tofauti na michezo mingine, hili lina kelele, hivyo waketishwe barazani.

Umeme ukikatika, mishumaa isiwekwe karibu na mapambo ya karatasi wala mahali mkono wa mtoto unapofika. Weka tochi ya simu ikitazama juu, na juu yake chupa ya plastiki isiyo na rangi iliyojaa maji. Mwanga utasambaa juu ya meza nzima, na kadi zitaonekana vizuri. Familia zinazojenga pango la Noeli kwa mawe meusi ya volkano, jambo linalopendeza sana, zikumbuke kutandika katoni chini yake, kwani mawe hayo hukwaruza meza kwa mgeuko mmoja tu.

Vitendawili chini ya sahani

Mchezo wa mwisho huchezwa wakati wa kula na hauhitaji sinia. Siku moja kabla, watoto waandike vitendawili kwenye vipande vya karatasi, kimoja kwa kila mtu atakayeketi, wakubwa kwa wadogo, na wavifiche chini ya sahani. Vingine watavijua shuleni au kwa koko wao, yaani bibi au babu: «Nyumba yangu haina mlango», ambacho ni yai, «Popote niendapo ananifuata», ambacho ni kivuli, «Kuku wangu ametagia mibani», ambacho ni nanasi. Vingine wavitunge wenyewe, na hapo usiwasahihishe sana. «Farasi wangu hali majani wala hanywi maji, na hubeba magunia» ni chukudu. «Babu yetu huvuta kiko usiku, na moto wake unaonekana mji mzima» ni Nyiragongo.

Mwenye zamu hutoa karatasi yake na kusema «Kitendawili!», na meza nzima hujibu «Tega!». Wakishindwa kutegua, mtegaji hudai apewe mji, na hapa ndipo mchezo unapokolea. Weka sharti kwamba mji uliokwisha kutolewa hautolewi tena. Watu wataanza na Bukavu, Butembo, Beni na Uvira, watafika Kisangani na Kindu, na kabla ya matunda kuletwa watakuwa wanabishana kama Kitshanga inahesabika kuwa mji. Mtegaji akikubali, husimulia kwa ufupi: «Nilikwenda Butembo, nikala, nikanywa, watu wa Butembo wakaniambia kwamba jibu ni nanasi.» Mtoto mwenye haya apewe nafasi ya kusimulia akiwa ameketi. Na mtoto akimtega mjomba au mama mkubwa, aanze kwa kumwita kwa heshima yake, kisha amdai mji bila huruma.

Baada ya kula, masinia yarudishwe mezani kwa wanaotaka kumaliza. Mtoto mgeni huondoka na chukudu yake pamoja na mzigo wake. Vizibo na kadi hufungwa katika kitambaa na kuwekwa hadi tarehe 1 Januari, na maharage huoshwa, hulowekwa na kupikwa kesho yake.